Shuka la Mkono wa Kushoto

Shangazi yangu wa Kimaka,

Baba Sauda ameniona nimeshika kalamu, akaniambia marehemu haandikiwi barua, huombewa dua. Ni kweli, na dua nimekuombea na nitaendelea kukuombea. Lakini kuna mambo ya sindano ambayo siwezi kuyaingiza kwenye dua, na hapa Mbale sina mtu wa kumweleza akanielewa bila kwanza kumfundisha kushona. Kwa hiyo vumilia, nikuandikie.

Nianze na lile ambalo ungeniuliza kabla hata ya kunikaribisha kiti. Shuka la arusi la binti yangu Sauda nimelimaliza. Lile uliloliacha tawi limefika nusu, sindano ingali imechomekwa kwenye jani, mimi mwanafunzi wako wa vidole vizito nimelimaliza, maua yote. Limebaki jambo moja dogo, nitalifikia.

Unakumbuka nilivyofika kwako? Mama alikuwa amefariki, baba alikuwa safarini na malori yake, nami nikaletwa Kimaka, huko Jinja, na mfuko wa nguo usiojaa. Hukunipa pole nyingi. Ulinipa kipande cha shuka kuukuu, fremu ya mbao ya mviringo na uzi wa rangi ya chungwa, ukaniambia nishone chochote. Nilishona kitu ambacho mimi nilisema ni kuku. Wewe ulikitazama muda mrefu, ukasema kuku huyu ana bahati, hakuna atakayemtambua amchinje. Nilicheka, na nilikuwa sijacheka tangu mazishi.

Nyumba yako ilinizoeza furaha ndogo ambazo hadi leo ndizo chakula changu. Harufu ya pamba mpya kabla haijaguswa na maji. Uzi kuingia kwenye tundu la sindano kwa mara ya kwanza, jambo ambalo ulilipokea kila mara kwa "alhamdulillahi" kama mtu aliyefika salama kutoka mbali. Chai ya tangawizi, ambayo haikuruhusiwa kusogea karibu na kitambaa cheupe hata kama mgeni ni nani. Na siku za soko! Ukianza kusema Kiswahili mbele ya wauza nyuzi, watu wanapisha, maana kwetu Kiswahili ni lugha ya wanajeshi, wakidhani una ndugu kambini. Hukuwa na hata binamu jeshini. Lakini hukuwahi kumsahihisha mtu, na nyuzi tulizipata kwa bei ya heshima.

Kitu kimoja tu sikukielewa. Kwa nini ulishona umelipa dirisha mgongo, pazia limeshushwa, ilhali sisi wengine ulitufukuza tukakae penye mwanga? Na kwa nini mlango ukibishwa sindano ilihama kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, ukaanza kushona vibaya kwa adabu? Kwa miaka nilidhani kila mtu mzima ana mkono wa kazi na mkono wa wageni.

Ulikuwa mashoto, Shangazi. Ulipigwa utotoni mpaka ukala kwa kulia, ukasalimia kwa kulia, ukapokea zawadi kwa kulia, na hukuwahi kubishana na hilo. Kwenye sindano tu ndipo ulipogoma. Nilipokuwa mkubwa wa kutosha kuuliza, ulinijibu bila kuinua macho: "Kula na mkono ya kulia, hiyo ni dini. Kushona, mkono ile inajua ndio ishone." Kisha ukaniambia nikaangalie maharage.

Halafu nikaolewa huku Mbale, nikazaa, na binti yangu alipoanza kushika kijiko alikishika kwa mkono wako. Mama mkwe akamfunga Sauda mkono wa kushoto kwa kitambaa, mchana kutwa, ili auache. Sijui nani alikupelekea habari. Najua tu kwamba ulishuka na teksi ya kwanza, hukunywa hata maji, ukamkalisha mtoto mapajani ukafungua kile kitambaa fundo kwa fundo, polepole, mama mkwe akitazama. Ulimsalimia vizuri, ukamwombea afya, ukamwambia kijiko utamfundisha wewe mwenyewe. "Lakini hii mkono isifungwe tena." Haikufungwa tena. Leo Sauda anauza dawa katika duka mjini, anaandika majina ya wagonjwa kwa mkono huohuo, na anakula kwa kulia kama ulivyomfundisha.

Sasa anaolewa, na anaolewa kwenu Jinja, kwa mjukuu wa Hajati Mastura. Ndiyo, huyohuyo mliyekuwa mkishona naye kwenye kikundi cha kina mama, wewe kwa mkono wako wa wageni, yule ambaye ulisema akimaliza kusifu kazi yako unahisi umekemewa.

Desturi yetu unaijua kuliko mimi. Siku ya kukifungua chumba cha bibi arusi, kina mama wa upande wa kijana wanaingia kuona kitanda. Shuka lazima liwe limeshonwa kwa mkono, na lazima litoke upande wa mwanamke. Watasifu maua, watapiga vigelegele, kisha mmoja wao, mkubwa kuliko wote, atainua pembe ya shuka atazame mgongoni. Mbele ni kwa macho ya wageni. Wanaojua hutazama nyuma, uzi ulikotokea, ulikofungwa, kama kuna mafundo, kama aliyeshona alikuwa na haraka.

Siku ya dua yako, wanawake wakikusanya vitu vyako, Hajati aliomba kuliona shuka. Akaligeuza kama kawaida yake. Ule mshono wa shina, wa vikonyo na matawi, unajisokota kama kamba, na kamba ya mashoto inajisokota upande mwingine. Kidole chake kilifuata tawi moja mpaka mwisho, kikarudi. Wewe ulikuwa umelala kaburini siku chache tu, na siri uliyoitunza tangu utotoni akaisoma mgongoni mwa kitambaa.

Pale alilikunja akalirudisha, kwa heshima ya msiba. Maneno yalikuja baadaye, kwa simu, kupitia mama yake kijana. Yule mama ni mpole, alikuwa akizungukazunguka, mpaka mwisho akanirudishia maneno ya Hajati kama yalivyotoka: "Shuka ya kushoto haiwezi ingia nyumba ya mjukuu yangu." Mkosi, alisema. Mkono wa kushoto una kazi zake na kitanda cha bibi arusi si mojawapo. Yule mama akanishauri kwa upole tufumue zile sehemu zako, mimi nizishone upya kwa kulia, na wala hakuna atakayejua. Ama tununue la mashine mjini, mashine haina kushoto wala kulia.

Nilikasirika, Shangazi. Nilikasirika mpaka nikamwaga chai, na unajua ilimwagikia wapi. Nimelitoa lile doa kwa chumvi na ndimu, usiwe na wasiwasi.

Lakini hasira si mpango. Nilikuwa nimekaa hivyo, wembe wa kufumulia uko mkononi, najiambia kwamba arusi ya mwanangu ni kubwa kuliko maua ya mtu yeyote, hata yako. Sauda akarudi kutoka kazini. Nilimweleza yote bila kumficha. Alilichukua shuka akaligeuza, akatazama kazi yako kwa muda. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mama, kama hii shuka haiwezi ingia, mimi mkono yangu niache wapi?"

Wembe niliurudisha kwenye kopo la vifungo. Tangu dakika hiyo sikuwa tena nashona ua. Nilikuwa natengeneza njia mwanangu apite mzima, na mikono yake yote miwili.

Usidhani ilikuwa rahisi. Kwanza nilijaribu kushona kwa kushoto ili kazi yangu ifanane na yako. Nilijichoma mpaka nikahofia damu kwenye kitambaa. Nikageuza kitambaa juu chini, kamba ikabaki vilevile. Halafu nikagundua kitu ambacho hukuwahi kunifundisha, labda hukuwahi kukihitaji. Nikiushikilia uzi juu ya sindano badala ya chini yake, hata mkono wa kulia unatoa msokoto kama wako. Nilishona jani moja hivyo na lilikuwa lako kabisa. Ningeweza kuendelea na Jinja nzima isijue kiungo kiko wapi.

Nikalifumua lile jani. Uongo wa kuifanya kazi yangu ionekane yako una tofauti gani na uongo wa kuifanya yako ionekane yangu? Nilishona kwa mkono wangu, kwa njia yangu. Katikati ya tawi moja kubwa, upande wa mchago, kamba yako inaisha na yangu inaanza, nayo inageuka wazi. Sikuweka ua juu yake.

Kazi hiyo imenipa miezi mizuri kuliko nilivyotarajia. King'ora cha kiwanda huku kwetu mtaa wa Industrial kikilia asubuhi, baba Sauda anaondoka, mimi natoa kiti barazani. Mlima Wanale ukiwa wazi najua nina mwanga mpaka adhuhuri. Ukijifunika wingu naanza kukunja mapema, maana mvua ya pale haibishi hodi. Majirani wanapita wananiuliza ua hili ni la nini, nawaambia ni la Sauda, wananiletea malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani, tunakula, nanawa mikono kwa sabuni, narudi kwenye sindano. Kuna siku nilijikuta naimba. Nilikuwa bado nina vita na Hajati Mastura, lakini naimba.

Wiki iliyopita nilifika Jinja. Sikutaka jambo hili lingojee siku ya chumba, mbele ya vigelegele na wageni, mwanangu amekaa na hina mikononi anasubiri kuhukumiwa. Nilikwenda peke yangu, nikamkuta Hajati sebuleni kwake, miwani imening'inia kifuani. Amezeeka, Shangazi. Nilimsalimia kwa magoti kama ulivyonifundisha. Kisha nikaomba ruhusa nikatandaza shuka juu ya mkeka wake, mgongo ukiwa juu, nimwondolee kazi ya kuligeuza.

Alivaa miwani. Kidole kikaanza safari yake kwenye tawi lile kubwa, na pale msokoto unapogeuka kikasimama.

"Hapa ni wewe," akasema.

Nikamjibu kwamba ndiyo, kuanzia pale ni mimi, na kabla ya pale ni Shangazi, na sikufumua hata mshono mmoja wake. Nikamwambia pia kitu ambacho sidhani mama yake kijana alithubutu kumwambia, kwamba bibi arusi mwenyewe ni mashoto, tangu kuzaliwa, na hilo halina wa kulifumua. Nikamfikishia swali la Sauda kama alivyoniuliza, neno kwa neno. Nikamwambia ninangoja jibu, na kama jibu ni kwamba mkono ubaki nje, basi binti yangu atabaki nao huko nje, nami nitamrudisha Mbale akiwa na heshima yake.

 

Muuza samaki akapita nje, akaita, akajibiwa, akaenda zake. Hajati akaendelea kutembeza kidole. Alifuata kazi yako yote, kutoka mchago hadi miguuni. Hakukuta fundo hata moja, na najua alikuwa akilitafuta. Alipofika ukingoni akaniinulia pembe.

"Pindo ya huku bado."

Ni kweli, upande mmoja nilikuwa sijaukunja. Nikasema nitaumaliza nikifika nyumbani. Akavua miwani, akaanza kulikunja shuka mwenyewe, kwa uangalifu, akanikabidhi.

"Hapana wewe," akasema. "Mwambie Sauda amalize."

Aliniita mezani, tukala, akaniuliza habari za barabara na bei ya vitunguu Mbale. Njia nzima ya kurudi niliyageuza maneno yale, Shangazi. Hakutaja mkono, ingawa alijua Sauda atashona kwa upi.

Arusi ni Jumamosi. Sauda hajui maua, alikuwa mvivu wa maua, lakini pindo ulimfundisha. Amerudi kutoka dukani mapema leo, bado ana sare ya kazi. Amebeba kiti changu barazani, amekigeuza kitazame barabara, na ninavyokuandikia haya anashona, kwa kushoto, watu wakipita na kumsalimia.

Lala salama, mwalimu wangu.

Mtoto wa kaka yako,
mama yake Sauda