Pulaka Haioti Kwenye Kompyuta

Nukulaelae,
Tuvalu

Kwako kaka yangu Penieli,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini baridi ya Auckland haijakushinda na kifua kimetulia. Huku tu wazima, ila Mama anasumbuliwa na magoti, nami nasumbuliwa na wataalamu.

Ndiyo, wamekuja, wamejipaka mafuta meupe puani kama mizimu. Mkubwa wao, Lennart, alitukusanya ukumbini akatueleza kwamba kisiwa kitapigwa picha kutoka angani, kila mnazi na kila paa, kihifadhiwe kwenye kompyuta kisije kikapotea bahari itakapokimeza. Mzee Faiva akamwuliza kama magimbi yetu ya pulaka yaliyouawa na chumvi yataota humo. Watu wakacheka. Lennart naye akacheka, alidhani anasifiwa.

Kisha wakatugawia simu za kututahadharisha bahari ikichafuka. Ikachafuka Jumapili, tukiwa kanisani. Maji yalipotufika magotini, mnara wa simu ukazimika. Ujumbe wa kutuambia tukimbie uliingia Jumanne, nikianika magodoro. Nikampelekea Lennart ile simu, nikamwuliza nikimbilie wapi sasa. Akanishukuru kwa maoni mazuri, akayaandika.

Kaka, kaa chini kabla hujaendelea. Mawimbi yale yalichukua kaburi la Baba, msalaba na vyote. Hatukupata hata mfupa wa kuzika upya. Lennart alikuja kutoa pole na kompyuta kwapani, akamwambia Mama asilie, kaburi walishalipiga picha, anaweza kulizunguka humo apendavyo. Mama alimtazama mpaka yule bwana akainama.

“Mwanangu,” akamwambia, “funga hicho kioo, uende ukale.”

Nilivimba kichwa. Nikakisimulia kijiji kizima.

Sasa nisikufiche. Alhamisi nilivizia mpaka wataalamu wakaenda kuogelea, nikanyemelea ofisini kwao nikalione hilo kaburi. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa amekaa mbele ya mashine, kaburi la Baba limejaa kiooni, anamweleza kwamba mkeo ni mjamzito. Aliponiona hakushtuka. Akasogea kwenye benchi.

“Kaa,” akasema. “Habari za Penieli nimeshampa baba yako. Bado zako.”

Nikakaa.

Wale watu bado nawadharau, tena kuliko mwanzo, maana sasa nawaomba ufunguo wa ofisi. Msalimie wifi, umwambie ajitunze. Mungu awalinde huko ugenini.

Ni mimi dada yako,
Sulufaiga