Kinyago cha Sura ya Nne

Jumanne, Masasi

Nilikwenda Kitangari na hoja zote mdomoni. Wazazi waliosoma rasimu ya kitabu changu cha tatu walikuwa wameniita, na nilijua watakuja na lile neno: uchawi. Kaka na dada wanaopandisha maji kutoka bondeni kwa wimbo, uchawi gani huo? Nilitaka ugomvi.

Hakuna aliyelitaja.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Mama Salumu. "Hayo maji tuletee hata kesho, ndoo zimetuchosha. Lakini sura ya nne!"

Humo yule dada, anayeona kila kilichofichwa, anatazama kinyago kikicheza ngoma ya mapiko, ambacho wanawake na wasiopita jandoni huambiwa ni mzimu, na kumwona ndani yake mjomba wake, akitiririka jasho.

"Salumu wangu hajaingia jandoni. Nilimsomea sura hiyo, na jana kamfuata mjomba wake: 'Kumbe ni wewe!' Mzee wa watu kakosa pa kujificha."

"Kwani wewe hujui nani yumo ndani?"

"Mimi mwanamke, baba. Sijui."

Wanawake wote wakaangua kicheko.

Mimi! Jando langu lilikuwa la kanisani, halikuwa na kinyago. Nimewamwagia watoto siri isiyo yangu.

Inaniudhi kwa sababu Mama Salumu amesema kweli. Kitabu kinakwenda kwa mchapaji Ijumaa. Wimbo wa maji sitaugusa, hata waje na fimbo. Sura ya nne naiandika upya sasa hivi: dada anakitazama kinyago, anatabasamu, na kaka yake anapomuuliza ameona nini, anamjibu, "Sijui."