Injini Isigande Relini

Kuze, Mombasa

Baba Swafia,

Sisi wazima, na Swafia ameanza kutembea. Kazi ya makumbusho yaendelea. Ile injini kongwe, ndogo, iliyokuwa ikisukuma mabehewa kiwandani, tumeipaka rangi ikapendeza. Lakini rangi haitoshi. Kila Jumatatu twaisukuma kidogo relini, magurudumu yasigande.

Juzi fundi wetu, mzee Tsofa, alinitania: "Mama Swafia, na mumeo tumlete tumsukume, asije akagandia hukohuko Doha!"

Wenzangu walicheka. Nami nilicheka, kisha nikainama kusugua kutu.

Nimesikia umeoa huko. Sitagomba, mpenzi. Ikiwa ni kweli, niambie kwa kinywa chako. Ikiwa ni uongo, njoo Idi hii. Swafia humwita baba kila mwanamume abishaye hodi, nami nimechoka kumkataza.

Mkeo,
Mwanabaraka