Mikono ya Pole Mtaani Hashimi

Amman, mtaa wa Hashimi
3 Oktoba 2019

Dada yangu Nadhima,

Salamu nyingi kwako na kwa wote walio nyumbani. Natumai goti lako limepoa na umeme wa Mosul unawaka japo saa chache. Mimi sijambo. Nimehama Erbil salama. Chumba changu kipo ghorofa ya tatu, na dirisha linatazama ukuta.

Kila asubuhi natembea ili niujue mtaa. Toka mlangoni hadi msikitini ni hatua mia nne na kumi na mbili. Toka msikitini hadi kwa muuza mkate ni ngazi tisini na sita, maana mji huu ni vilima vitupu. Ama unapanda, ama unashuka. Muuza mkate anaitwa Abu Luay. Jana kanipigia kelele mbele ya wateja: "Ami, kila siku unapita hapa midomo inahesabu. Unatafuta hazina?" Nikamwambia nilikuwa mpima ardhi miaka thelathini na moja. "Basi nipimie mkate wangu, hawa wanasema unapungua kila wiki!" Watu wakacheka. Nilielewa kwamba ni mzaha.

Kaka yako,
Baba Nashwan


Mosul
19 Oktoba 2019

Kaka yangu mpenzi,

Barua imefika kwa mkono wa dereva. Sote wazima, goti ni lile lile. Ngazi zako nimezisoma, sasa nawe nisome.

Raghad alikuja juzi. Ni mwaka wa sita huu tangu wale watu wenye silaha wamshushe mwanao Nashwan garini pale kwenye kizuizi cha barabarani, asionekane tena, na mkwe wako si mke, si mjane. Ana miaka thelathini na moja. Kuna mwalimu, mtu mzima aliyefiwa na mkewe, amemtuma mjomba wake kuja kuposa. Mahakama inataka baba aseme kwa maandishi kwamba mwanawe amefariki. Ni mstari mmoja na saini. Nasi tunataka kumwekea Nashwan matanga, maana hata kahawa ya msiba wake hatujainywa.

Nijibu, kaka.

Dada yako,
Nadhima


Amman
11 Novemba 2019

Dada yangu,

Namshukuru Mungu kwa uzima wako. Huku baridi imeingia. Nimemaliza upande wa mashariki wa mtaa. Nyuma ya shule kuna bomba la maji lililopasuka, na watu wamepanga matofali ili wapite. Ni matofali kumi na saba. Kilimani juu ya hapo kuna banda la njiwa. Mwenye njiwa huwaita kwa mluzi, nao hurudi wote.

Wasalimie watoto.

Kaka yako,
Baba Nashwan


Mosul
2 Desemba 2019

Kaka,

Sijambo, nawe natumai u mzima. Nimekuuliza habari za mwanao, umeniandikia habari za matofali. Usijifanye kiziwi, katika ukoo wetu kiziwi alikuwa mama peke yake, na hata yeye alisikia alichotaka.

Mwalimu atangoja mpaka mwisho wa Januari. Raghad hakulalamika. Alisema tu juu yako, "Ami akikataa, nitakaa." Nikaona afadhali angenitukana.

Nadhima


Amman
27 Januari 2020

Dada yangu Nadhima,

Salamu baada ya kimya kirefu. Sikuumwa. Nilikuwa natembea.

Alhamisi nilipanda njia ambayo nilikuwa sijawahi kuipita. Juu kabisa palikuwa na turubai la msiba, viti vya plastiki na wanaume. Miguu ilikuwa imechoka, na msibani hakuna anayeulizwa amealikwa na nani, basi nikaingia. Nikanywa kahawa chungu, nikasoma Fatiha. Niliponyanyuka kuondoka nilikosea upande. Nikajikuta nimesimama kwenye mstari wa wafiwa, na watu wanaingia.

Wakanishika mkono kunipa pole, mmoja mmoja. "Mungu aukuze ujira wako, ami." Nikajibu kama inavyojibiwa. Walikuwa arobaini na watatu. Kijana mmoja alinikumbatia, akanilowesha bega.

Mzee mwenye msiba alikuwa amenitazama muda wote. Wageni walipopungua akanisogelea.

"Wewe si wa kwetu."

"Hapana, hajji. Nisamehe, nilikosea kusimama."

"Simama tu, mstari wenyewe ulikuwa mfupi. Wewe baba nani?"

"Baba Nashwan."

"Na Nashwan yuko wapi, mbona anakuacha unapanda vilima peke yako?"

"Marehemu," nikasema.

Sikuwa nimelipanga. Lilitoka kama mtu anavyotaja mtaa anaokaa. Yule mzee alinishika mkono, akaniambia maneno yale yale niliyoambiwa na wale arobaini na watatu, na safari hii yalikuwa yangu.

Jumapili nilikwenda ubalozini kwa miguu, nikasaini. Karatasi imo ndani ya bahasha hii. Mwambie Raghad, hakimu akishatoa hukumu, aanze eda yake, na akiimaliza aolewe. Matanga yawekeni ninyi huko. Mimi siji, huku nimekwisha kupewa pole.

Sijalia, Nadhima. Nakuandikia hili ili usiniulize.

Kaka yako,
Baba Nashwan