Ukuta wa Chumba cha Chini

Jumatatu, 4 Machi
Mshonaji, mpangaji wangu wa chini, kapanda ngazi tena. Ukuta wa chumbani kwake umeota kuvu upya — juu ya rangi ya mwezi uliopita. Nimemwambia afungue madirisha, aache kuanika nguo ndani. "Mama, sianiki ndani," kasema taratibu, kama anayeongea na mgonjwa. Ananichosha.

Jumatano, 6 Machi
Nimeshuka mwenyewe. Kitanda kakisogeza katikati ya chumba. Ukuta mweusi toka sakafuni hadi kiunoni. Nimegusa, lipu imebaki mkononi kama unga uliorowa. Mtoto wake anakohoa. Gauni la harusi la mteja limeingia madoa mgongoni, na harusi ni Jumamosi. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Alhamisi, 7 Machi
Fundi bomba niliyemwita hajaja. Eti yuko njiani. Njia gani hiyo isiyo na mwisho?

Ijumaa, 8 Machi
Kaja. Kafunga maji ya bafu langu, kasikiliza ukuta, kafungua, kasikiliza tena. Si mvua, anasema, wala si madirisha. Bomba la bafu langu linavuja ndani ya ukuta. Yaani miaka miwili huyu dada analala na maji yangu ya kuoga, na mimi namfundisha kufungua dirisha!

Bafu alilijenga mdogo wangu. Nimempigia. Kaapa kazi yake haina dosari, fundi wangu ndiye kanjanja.

Jumapili, 10 Machi
Naogea kwa ndoo bafu la nje. Gauni ilibidi likatwe mgongo upya. Bibi harusi kavaa, hakujua kitu. Mshonaji kanisimulia akicheka. Mimi nimeshindwa kucheka.

Jumanne, 12 Machi
Asubuhi tumekutana chumbani kwa mshonaji. Fundi bomba na nyundo. Mdogo wangu — na kopo la rangi. Kanivuta kando, ila sauti yake haijui kunong'ona: "Dada, ukuta ukibomolewa watu wataona kazi yangu. Nina wateja. Tupake tu. Huyu akihama utapata mwingine."

Mshonaji kasikia. Kaendelea kukunja shuka za mtoto, kona kwa kona.

Huyu mdogo wangu nimembeba mgongoni. Nikasema naenda kunywa maji, narudi. Sasa niko jikoni. Glasi imejaa, sijaigusa.

Fundi anaita: "Mama, nibomoe?"

Mdogo wangu anajibu kwa niaba yangu: "Usibomoe, tunapaka tu." Sijamtuma.