Picha ya Masika, Picha ya Kiangazi

Jumatano, Mpanda. Jua limechoma tangu asubuhi, na vumbi la njia ya Ugalla bado liko kwenye nywele zangu. Sijaoga. Nimekaa tu.

Leo Devota ameniuza.

Devota ni rafiki yangu tangu chuo. Tulilala chumba kimoja, tukapelekwa wote pwani kujifunza kufuatilia tope la ufukweni kwa picha za setilaiti, lile linalofunikwa maji yakijaa na kubaki wazi yakipwa. Onyo la kwanza tulilopewa: usilinganishe picha ya maji kujaa na ya maji kupwa. Utasema bahari imekimbia, kumbe saa tu zimepishana.

Huku kwetu hakuna bahari, ila kuna mbuga za Mto Ugalla. Masika zinajaa maji, kiangazi linabaki tope lililopasuka. Mradi wa kuhifadhi mto ulipotuajiri wote wawili, kazi yangu ikawa kulinganisha picha za miaka tofauti, mwezi uleule kwa mwezi uleule. Nikimaliza nampa Devota, maana yeye ndiye msemaji. Mimi mbele za watu huwa naishiwa maneno.

Leo kijijini kwetu, kwenye mkutano katika darasa la shule, Devota akaonyesha ukutani picha mbili tu. Ya zamani ni ya masika, bluu tupu. Ya sasa ni ya kiangazi, kahawia tupu. Miezi kaifuta.

"Hii ndiyo kazi ya ng'ombe," akasema. "Wafugaji wasipohama, mto huu utakufa."

Baba alikuwa benchi la mbele. Alihamia hapa na ng'ombe wake kutoka Usukumani kabla sijazaliwa. Devota amekula likizo kwake, amekunywa maziwa yake, anamwita baba kama mimi.

Baba akageuka, akanitafuta kwa macho. "Kabula, hizi ndizo picha ulizokuwa unatusimulia?"

Nilisimama.

"Ile ya bluu ni ya masika, Baba. Hii nyingine ni ya kiangazi. Hata pasingekuwa na ng'ombe hata mmoja, zisingefanana."

Devota hakukasirika. Angekasirika, isingeniuma sana. Alitabasamu, akawaambia watu, "Mwenzangu ni binti wa wafugaji. Mvumilieni, damu nzito."

Wakacheka. Hata majirani walionibeba mgongoni nikiwa mtoto walicheka.

Mtendaji wa kijiji hakucheka. Akamuuliza Devota, "Sasa, dada, hizo picha ni za miezi gani?" Devota akaanza kutafuta kitu kwenye kompyuta, akatafuta, akatafuta. Mtendaji akaahirisha mkutano mpaka zije picha zenye miezi yake. Hakuna atakayehamishwa kabla ya hapo. Baba akapanda baiskeli, akaondoka bila kunisubiri.

Devota alinikuta nje.

"Usinichukie, Kabula. Wakubwa wa mradi walishaamua. Ningekataa, wangempa mtu mwingine aseme."

"Ungeniambia basi."

"Ungekubali?"

Nilipanda bodaboda, nikalia njia nzima, na dereva kwa adabu akajifanya hasikii.

Kinachoniuma si uongo wenyewe. Ni kwamba alijua mahali pa kunichoma, na mahali hapo nilimwonyesha mimi mwenyewe.

Asubuhi nitampelekea mtendaji picha zote, kila moja na mwezi wake. Nyingi zitamtetea Baba. Lakini zipo chache zinazoonyesha kingo za mto zimekwanguliwa pale ng'ombe wanaponywea, na zizi la karibu ni la kwetu. Leo jioni nimezitazama muda mrefu. Ningeweza kuzitoa, na hakuna ambaye angejua.

Nitazipeleka nazo. Ila nitapitia kwa Baba kwanza, nimwonyeshe mwenyewe, asije akazikuta ukutani.