Majani ya Maharage ya Ruth

Sekei, Arusha
9 Juni 1996

Mpendwa dada Elinami,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, shemeji na wapwa zangu huko Tabora, na kwamba kile kifua kilichokusumbua siku za msiba wa mama kimepata nafuu. Sisi huku tupo. Mvua zimekatika mapema na maharage yamebaki vijiti.

Barua yako aliniletea yule mwalimu mwenzako, nami nimeisoma mara tatu. Umesema utakuja kwenye kikao cha ukoo Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili, na kwamba Ruth, mke wa jirani yetu Ephraimu, lazima asimame mbele ya wazee aseme alimtilia mama nini kwenye zile mboga. Ndiyo maana nakuandikia kabla hujakata tiketi. Univumilie, nitaanzia mbali kidogo.

Unaikumbuka kazi yangu ya ubwana shamba. Kwa miaka minane nilizunguka kwa baiskeli vijiji vya kuanzia Kikatiti hadi kule juu mlimani. Tulikuwa wanne, kila mmoja na eneo lake. Kila wiki tulikaa na wakulima shambani, tukageuza majani na kuhesabu wadudu. Wakiwa wachache tuliwaacha, kwa sababu siafu na nyigu wangewala. Wakizidi, kijiji kizima kilinyunyiza majivu na maji ya majani ya utupa yaliyotwangwa siku moja, maana mdudu hajui mpaka wa shamba la mtu. Dawa ya dukani ilikuwa ya mwisho kabisa. Mama mwenyewe alikuwa akinicheka kwamba serikali inanilipa mshahara nihesabu wadudu. Lakini maharage alivuna.

Mwaka wa tisini na nne tukaitwa wote wanne wilayani. Tuliambiwa fungu la mpango wetu limefutwa, tumepunguzwa kazi, na kwamba sasa ni soko huria, kwa hiyo wenye maduka watawahudumia wakulima vizuri kuliko sisi. Mwenzetu mmoja aliuliza ni mwenye duka gani atakayepanda mlima kumfuata mkulima ili amwambie asinunue dawa. Tulirudisha baiskeli, tukasaini, tukaondoka.

Nilikaa miezi mitano bila kazi. Kisha Philemoni, mwenye duka la pembejeo pale Levolosi, akanichukua nimuuzie dawa vijijini. Alisema wazi kwamba hanitaki kwa elimu yangu, ananitaka kwa sababu wakulima wananiamini. Dawa ilikuja kwenye pipa, tukaimimina kwenye chupa za soda. Chupa hazikuwa na karatasi yoyote. Pipa lilikuwa nayo, dada, na mimi niliisoma. Ilisema ni dawa ya pamba, isipulizwe kwenye mboga.

Niliuza. Msimu wa kwanza wadudu walikufa na watu wakanishukuru. Msimu wa pili walirudi kwa wingi ambao sijawahi kuuona, kwa sababu tuliua pia siafu na nyigu waliokuwa wakiwala, na kwa sababu kila mtu alipuliza siku yake, wadudu wakahamia kwa jirani kisha wakarudi. Watu walinifuata kuuliza wafanye nini. Nami, niliyewafundisha kuhesabu, niliwaambia wazidishe kipimo.

Mwezi wa nne Ephraimu alinunua chupa kwangu. Aliniuliza akae siku ngapi kabla ya kuchuma majani ya maharage kwa mboga. Nilimwambia, "Siku tatu zinatosha." Ruth alisubiri siku nne. Alichuma, akampelekea mama fungu kama alivyozoea, na mwenyewe akapika yaliyobaki. Aliyaonja jikoni tu, akatapika, akamwaga chungu chote. Kabla hajafika kwetu kumzuia mama, mama alikuwa amekwisha kula.

Hayo unayajua nusu. Usiyoyajua ni haya, na mkono wangu ni mzito kuyaandika.

Mimi ndiye niliyempeleka mama zahanati mchana ule. Alikuwa akitoka jasho na mate, na mboni za macho zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Chuoni nilifundishwa dalili hizo. Nilijua ni nini kabla hatujavuka mlango. Tabibu alinitazama, akaniuliza, "Mama amegusa au amekula kitu chenye dawa ya shamba?" Nikasema, "Hapana, labda ni kiporo."

Aliniuliza tena. Nikasema hapana mara ya pili. Akamtibu tumbo. Dawa ya kuzimua sumu ile ilikuwepo kabatini mwao, niliiona baadaye. Niliogopa kwamba nikisema, chupa itafuatwa hadi kwangu. Nilijidanganya kwamba atapata nafuu. Jua halijazama, mama akakata roho, ameshika mkono huu unaoandika.

Na watu walipoanza kunong'ona kwamba Ruth ni mchawi, nilinyamaza. Wewe ulipomfukuza makaburini nilikuwa nimesimama nyuma yako, nikanyamaza pia.

Jana nilikwenda kwa Ruth, nikamwambia yote mbele ya mumewe. Ephraimu alitoka nje, hakurudi mpaka nilipoondoka. Ruth akasema, "Miezi miwili sijampelekea mtu chakula, Abdiel. Hata wanangu nawapikia nikiogopa mikono yangu." Hakunilaani. Afadhali angenilaani.

Kazi ya Philemoni nimeiacha, na nimepeleka taarifa ya pipa lile polisi, na jina langu ndani yake. Wilayani nako niliomba fungu letu lirudishwe, hata kwa bwana shamba mmoja tu. Nimejibiwa kwamba kifungu hicho hakipo tena kwenye bajeti. Chupa zingali zinauzwa.

Dada, kikao usikiahirishe. Njoo. Ila atakayesimama mbele ya wazee ni mimi, na nakuomba Ruth mumpe kiti akae pamoja na ndugu wa marehemu.

Nisalimie shemeji, na wapwa zangu uwaambie unavyoona inafaa. Kama hutataka kunipa mkono ukifika, nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Abdiel